Kumtuma Mtoto: Hatua za Mtoto Mdogo Kuelekea Kujitegemea

Jioni, mama aliye jikoni hugundua kwamba chumvi imekwisha. Humwita mtoto wake wa miaka 6, humtia fedha mkononi, humwagiza akanunue pakiti moja ya chumvi katika duka la jirani, na humsisitizia arudi upesi. Baada ya dakika chache mtoto hurudi na chumvi pamoja na chenji, mboga huungwa, na jambo hilo husahauliwa kabla ya chakula kupakuliwa. Ni tendo dogo, tena la kila siku. Walakini, kwa mtazamo wa sayansi ya makuzi ya mtoto, tendo hilo ni kilele cha safari ndefu iliyoanza tangu mtoto alipokuwa akiketi kwa kuegemezwa, na ndani yake umo uwezo wa mwili, wa akili na wa tabia ambao haukupatikana kwa siku moja.

Makala haya yanakusudia kueleza safari hiyo: jinsi mtoto mdogo anavyotoka katika hali ya kutendewa kila kitu na kufikia hali ya kutenda mwenyewe, na jinsi wazazi wanavyoweza kumsaidia bila kumchelewesha wala kumharakisha. Jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa yapo makosa mawili yanayotendeka katika nyumba nyingi. Kosa la kwanza ni kumfanyia mtoto kila kitu, hata akaingia darasa la kwanza hawezi kufunga vifungo vya shati lake. Kosa la pili ni kumtwisha mtoto mzigo usiolingana na umri wake, hata akaungua kwa maji ya moto au akagongwa barabarani. Kati ya makosa hayo mawili ipo njia ya wastani, nayo ni njia ambayo jamii nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati zimeifuata tangu zamani bila kuiandika: kumtuma mtoto kwa kiasi, kwa ngazi, na chini ya macho ya mkubwa.

Nini maana ya mtoto kujitegemea?

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea, neno hilo lilizoeleka katika Tanzania kwa kuhusishwa na shule, mashamba na maendeleo ya taifa. Lakini kujitegemea huanza mapema zaidi, nyumbani, mtoto anaposhika kikombe mwenyewe kwa mara ya kwanza na kumwaga nusu ya uji.

Yafaa ieleweke kwamba mtoto anayejitegemea si mtoto aliyeachwa peke yake. Mtoto aliyeachwa hana wa kumwonyesha njia wala wa kumrekebisha. Mtoto anayejitegemea ni yule awezaye kutimiza jambo linalolingana na umri wake, akijua kwamba yuko mtu anayemngojea na atakayepokea matokeo ya kazi yake. Kwa maana hiyo, uhuru wa mtoto na uhusiano wake na wazazi si vitu vinavyopingana. Kimoja hukua juu ya kingine.

Ukweli huu ulichunguzwa kwa makini katika Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mtaalamu wa saikolojia, Mary Ainsworth, aliwatembelea mara kwa mara watoto wachanga 28 na mama zao katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, na matokeo ya uchunguzi wake yakachapishwa katika kitabu mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyeanza kutambaa hakukaa wakati wote miguuni pa mama yake. Alitoka akaenda kugusa hiki na kile, akageuka kumtazama mama au akarudi kwake, halafu akatoka tena. Mama alikuwa kama kituo ambacho mtoto aliondokea na kurudia. Mtoto mwenye uhakika wa kituo hicho ndiye aliyethubutu kwenda mbali zaidi. Fikra hiyo iliyochipuka katika vijiji vya Buganda imekuwa mojawapo ya nguzo za elimu ya makuzi ya mtoto duniani kote.

Mwili hufuata mafunzo

Watu wengi hudhani kwamba kuketi, kusimama na kutembea huja vyenyewe, kama meno. Kwa sehemu ni kweli, kwa sababu misuli, mifupa na neva vina ratiba yake. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka 2006 matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, Uhindi, Norwei, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto huanza kuketi bila kuegemezwa wakati wowote tangu karibu miezi 4 hadi miezi 9, na kutembea bila kushikwa wakati wowote tangu miezi 8 hadi karibu miezi 18. Aidha, watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kamwe kwa mikono na magoti, na bado walitembea sawasawa. Kwa hiyo mzazi asihuzunike kwa kuwa mtoto wa jirani ametembea kwanza. Lakini mtoto aliyefikisha miezi 18 bila kutembea yafaa apelekwe kliniki akaangaliwe.

Pamoja na ratiba hiyo ya maumbile, mafunzo nayo yana nafasi. Katika miaka ya 1970, Charles Super na Sara Harkness walifanya utafiti katika kijiji cha Wakipsigis kiitwacho Kokwet, katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Wazazi wa hapo walikuwa na desturi ya kumfundisha mtoto kuketi kwa kumweka katika kishimo kifupi kilichochimbwa ardhini, au kwa kumzungushia nguo mgongoni na ubavuni ili asianguke. Walimfundisha pia kutembea. Watoto hao waliketi na kutembea takriban mwezi mmoja kabla ya watoto wa Marekani waliolinganishwa nao. Katika mambo ambayo wazazi hawakuyafundisha, mathalani kutambaa, watoto wa Kokwet hawakuwa mbele. Funzo lililopatikana hapo ni hili: maumbile hufungua mlango, lakini mtoto huupita kwa wepesi zaidi pale anapozoezwa.

Mtoto hupenda kusaidia kabla hajaweza

Katika umri wa mwaka mmoja na nusu hutokea jambo ambalo kila mzazi amewahi kuliona. Mama akishika fagio, mtoto naye hulitaka. Baba akilima, mtoto huchukua kijiti na kuchimba. Mara nyingi mkubwa huona anasumbuliwa, akamfukuza mtoto ili kazi iishe upesi.

Mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello, waliokuwa wakifanya utafiti wao nchini Ujerumani, walieleza majaribio waliyofanya na watoto wa miezi 18. Mtu mzima asiyejulikana na mtoto aliangusha kitu akawa hakifikii, au alitaka kufungua kabati huku mikono yake imejaa. Wengi sana wa watoto hao walisaidia bila kuombwa wala kuahidiwa kitu. Mwaka 2008 watafiti hao waliongeza jaribio jingine kwa watoto wa miezi 20. Watoto waliopewa zawadi kila waliposaidia walipunguza kusaidia baadaye zawadi ilipokoma, kuliko wale waliosifiwa tu na wale wasiopewa chochote.

Mambo mawili yanafuata kutokana na hayo. Kwanza, hamu ya kusaidia huja kabla ya uwezo wa kusaidia. Mzazi anayengoja mpaka mtoto aweze ndipo amruhusu kushika fagio atakuta uwezo umekuja na hamu imekwenda zake. Pili, kumlipa mtoto pipi kwa kila kazi ya nyumbani kunaweza kumfundisha kwamba kazi ile haina thamani pasipo pipi. Tabasamu, na neno “ahsante mwanangu”, vinatosha.

Kutumwa ni kipimo cha akili

Katika lugha ya Kiswahili kitenzi tuma kimezaa maneno mengi: mtume, mtumishi, utumishi, kutumika, na pia mtumwa. Lugha nyingine za Kibantu zinacho kitenzi hicho hicho. Katika miaka ya 1970, Robert Serpell wa Chuo Kikuu cha Zambia alichunguza jinsi Wachewa wa wilaya ya Katete, mashariki mwa Zambia, wanavyopima akili ya mtoto. Hakutumia karatasi za maswali zilizotungwa ng’ambo. Aliwauliza watu wazima wa kijijini swali la kawaida: ikiwa pametokea haja ya haraka, ungemtuma nani kati ya watoto hawa, na kwa nini? Majibu yalionyesha kwamba neno lao la akili, nzelu, lina pande mbili. Upande mmoja ni werevu wa kichwa, na upande wa pili ni ile hali waitayo tumikila, yaani kuaminika anapotumwa. Mtoto mwerevu asiyeaminika hakuhesabiwa kuwa mwenye nzelu kamili.

Kule Kokwet nako, Super na Harkness walikuta Wakipsigis wana neno ng’om kwa mtoto mwenye akili, na kwamba wazazi walitofautisha akili ya nyumbani na akili ya shuleni. Mtoto mwenye akili ya nyumbani ni yule aonaye la kufanya kabla ya kuambiwa. Akiona ndama ameingia shambani, humtoa.

Kipimo hiki si cha kubahatisha. Hebu turudi kwa yule mtoto aliyetumwa chumvi, tuitazame kazi yake kwa undani. Ili arudi na chumvi mkononi, hana budi:

(a) kukumbuka alichotumwa njia nzima, ingawa anakutana na mambo mengine;
(b) kutunza fedha na kuhakikisha amerudishiwa chenji;
(c) kuijua njia ya kwenda na ya kurudi;
(d) kumwamkia mwenye duka na kusema haja yake kwa sauti ya kusikika;
(e) kujizuia asiingie katika mchezo wa wenzake wala asinunue pipi kwa fedha ya chumvi, na
(f) kuamua la kufanya iwapo duka limefungwa.

Sehemu ya ubongo inayoongoza mambo hayo iko mbele, nyuma ya paji la uso. Mtoto anapofikia umri wa miaka 6, ukubwa wa ubongo wake umekaribia sehemu tisa kwa kumi za ubongo wa mtu mzima. Hata hivyo, ukubwa si ukomavu. Nyuzi za neva huendelea kuvikwa utando wa mafuta uitwao mailini, ambao huharakisha mwendo wa taarifa, na katika sehemu hiyo ya mbele kazi hiyo huendelea hata baada ya miaka 20. Ndiyo sababu mtoto wa miaka 4 husahau njiani alichotumwa. Mara nyingi si ukaidi. Chombo cha kukumbukia na kujizuia bado kinajengwa.

Kujizuia nako huathiriwa na malezi. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watoto wa miaka 4, wengine wa familia za wakulima wa kabila la Nso nchini Kamerun, wengine wa familia za mjini Ujerumani. Kila mtoto aliwekewa kitu kitamu mbele yake na kuambiwa kwamba akingoja bila kukila ataongezewa cha pili. Watoto wa Nso, ambao kitu chao kilikuwa andazi la kwao, walingoja mpaka mwisho kwa kiasi cha karibu 70 katika kila 100. Wale wa Ujerumani waliongoja hawakufika 30 katika kila 100. Jaribio moja haliwezi kuthibitisha sababu yote, lakini watafiti hao walihusisha tofauti hiyo na malezi: mama wa Nso humtazamia mtoto kuyatawala maono yake tangu akiwa mdogo sana.

Ngazi za kutuma

Mtaalamu wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyeishi tangu mwaka 1896 hadi 1934, alifundisha kwamba kujifunza kwa mtoto hutokea katika eneo lililo kati ya yale anayoyaweza peke yake na yale asiyoyaweza hata akisaidiwa. Katikati hapo yamo mambo anayoyaweza akishikwa mkono leo, na ambayo kesho atayaweza mwenyewe. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliufananisha msaada wa mkubwa na miti ambayo waashi huifunga kando ya ukuta unaojengwa. Ukuta ukikauka na kusimama, miti huondolewa. Miti isipofungwa, ukuta hauendi juu. Isipoondolewa kamwe, hakuna ajuaye kama ukuta unaweza kusimama.

Kwa kufuata fikra hizo, kutuma kunaweza kupangwa katika ngazi nne. Umri uliotajwa ni wa kukadiria tu, kwani watoto hutofautiana.

Ngazi ya kwanza: ndani ya chumba (mwaka 1 na nusu hadi miaka 3). Mtoto hufuata agizo moja jepesi: “Mpelekee baba kijiko.” Mkubwa yumo chumbani humo na kosa halina madhara. Kufikia miaka miwili na nusu huweza maagizo mawili yanayofuatana: “Chukua kikombe, uweke mezani.” Umri huu pia ndio wa kujifunza kula mwenyewe, kuvua nguo nyepesi na kwenda chooni. Choo kisilazimishwe kabla mtoto hajaanza kuonyesha dalili za kujitambua, kwa sababu misuli inayofunga haja haitii amri ya mtu mwingine.

Ngazi ya pili: ndani ya nyumba na uani (miaka 3 hadi 5). Mtoto hutumwa mahali asipoonekana, lakini anaposikika. Huokota nguo, hukunja zilizo ndogo, huwatupia kuku chakula, huosha mikono yake kwa maji na sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Hapa ndipo vifungo vya shati huanza kumshinda na hatimaye kushindwa naye. Mzazi mwenye haraka ya asubuhi na amwamshe mtoto dakika kumi mapema kuliko kumfungia vifungo kila siku.

Ngazi ya tatu: kwa jirani (miaka 5 hadi 7). Mtoto hutoka nje ya uwanja wa nyumba, katika njia fupi isiyokatiza barabara ya magari, kwenda kwa mtu anayefahamika. Mara ya kwanza huenda pamoja na mkubwa. Mara ya pili mtoto hutangulia na mkubwa hufuata nyuma. Mara ya tatu mkubwa husimama mlangoni akitazama. Mara ya nne mtoto huenda mwenyewe. Umri huu unatambuliwa katika sehemu nyingi za dunia. Mwaka 1975 Barbara Rogoff na wenzake walipitia maelezo ya jamii 50, wakaona kwamba katika jamii nyingi watoto huanza kupewa majukumu ya kweli, kama kulea wadogo zao na kuchunga mifugo, kati ya miaka 5 na 7.

Ngazi ya nne: shuleni na mbali zaidi (miaka 7 na kuendelea). Mtoto hutunza vitu vyake, hujua saa ya kuondoka, huweza kusema jina lake kamili, jina la mzazi na mahali anapoishi iwapo amepotea.

Katika kila ngazi kanuni ni moja: kazi iwe ya kweli. Mtoto hutambua mara moja kazi ya kumzubaisha. Akipewa kijiti “asaidie kupika” mbali na jiko, huchoka upesi. Akipewa mchicha wa kuchambua, na mchicha huo ukaliwa jioni, hujiona ni mmojawapo wa watu wa nyumba ile.

Mipaka isiyovukwa

Ngazi hizo zina mipaka, na hapo mzazi hapaswi kufanya majaribio.

Moto. Mtoto aliye chini ya miaka 5 asiachwe karibu na jiko la mkaa, mafiga, wala sufuria la uji lililoepuliwa na kuwekwa chini. Akiungua, mahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Samli na dawa ya meno visipakwe.

Maji. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji kwa kiwango kikubwa kuliko watu wa umri mwingine, wakifuatiwa na wa miaka 5 hadi 9. Mtoto mdogo huweza kufa katika ndoo yenye maji ya kina kifupi, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua. Visima na mapipa yafunikwe, na ndoo zisizotumika zimwagwe.

Mafuta ya taa. Yasiwekwe katika chupa ya soda, maana mtoto aliyefundishwa kujichukulia maji mwenyewe atayanywa. Akiyanywa asitapishwe, kwani yakipanda huweza kuingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja.

Barabara. Mtoto wa chini ya miaka 9 au 10 hawezi kukadiria kwa uhakika kasi na umbali wa gari linalokuja, na kwa kimo chake haonekani na dereva anapotokea nyuma ya gari lililosimama. Kumfundisha kutazama kulia, kushoto, na kulia tena ni wajibu. Lakini kujua maneno hayo si sawa na kuweza kuvuka. Hata mtoto awe mwerevu namna gani, avushwe.

Kutumwa si utumwa

Ilitajwa hapo juu kwamba mtumwa ni neno lililotoka katika kitenzi kile kile cha kutuma. Mstari kati ya mambo hayo mawili unapaswa kuonekana wazi. Mtoto anayetumwa hufanya kazi inayomkuza, kwa muda mfupi, na baadaye hucheza, husoma na hulala. Kazi ikimnyima hayo, au ikiwa ni kwa faida ya wakubwa tu, si malezi tena. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu.

Uonevu mwingine hufichika ndani ya familia yenyewe. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilieleza kwamba duniani wasichana wa miaka 5 hadi 14 hutumia asilimia 40 ya muda zaidi katika kazi za nyumbani kuliko wavulana wa umri huo. Hapo hasara ni ya pande mbili. Msichana hupoteza saa za kusoma na kucheza, na mvulana hukosa mafunzo. Carol Ember aliyefanya utafiti miongoni mwa Wajaluo wa Oyugis, nchini Kenya, alionyesha mwaka 1973 kwamba wavulana waliopewa kazi za ndani kwa kukosekana dada mkubwa walikuwa na ubabe mdogo, na tabia yao ilikaribia zaidi ile ya wasichana kuliko ya wavulana wengine. Kazi apewayo mtoto humfinyanga tabia.

Nyumba za leo

Zamani mtoto alipitia ngazi hizi bila mtu yeyote kuzipanga, kwa kuwa daima palikuwa na kaka au dada wa kumtangulia, na kila mkubwa mtaani alikuwa mzazi. Hali hiyo imebadilika. Tangu Tanzania ilipoazimia mwaka 1974 kuwapatia watoto wote elimu ya msingi, na tangu Kenya ilipofuta ada za shule za msingi mwaka 2003, wakubwa wa miaka 7 hadi 13 hawashindi nyumbani tena. Hayo ni maendeleo ambayo hakuna apendaye kuyarudisha nyuma. Lakini mdogo amebaki na mtumishi au mbele ya televisheni, mara nyingi nyuma ya geti lililofungwa, na majirani hawafahamiani.

Mzazi wa leo, kwa hiyo, hana budi kukipanga kile ambacho zamani kilijipanga. Achague kazi moja kwa kila mtoto, wa kike na wa kiume, ifanywe kila siku. Amweleze mtumishi wa nyumbani kwamba kumvalisha mtoto wa miaka 5 si kumsaidia. Ajuane na mwenye duka na majirani wa njiani, ili mtoto anapotumwa apite mbele ya macho yanayomfahamu. Na uji ukimwagika, ampe kitambaa apanguse mwenyewe. Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sayansi imeonyesha tu ni kwa njia gani.

Maswali ya kujadili

1. Katika nyumba yako, ni mambo gani ambayo mtoto wa miaka 4 hutendewa ingawa angeweza kuyatenda mwenyewe?

2. Tazama njia inayotoka nyumbani kwako hadi duka la karibu. Ni mtoto wa umri gani anayeweza kutumwa huko, na kuna hatari gani za kuondolewa kwanza?

3. Linganisha kazi za wasichana na za wavulana katika mtaa au kijiji chako. Je, mgawanyo huo una msingi wowote katika ukuaji wa mwili na akili wa mtoto?